Viatu vya Zuwena

Ng'ambo,
Tabora.
6 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Abasi,

Asalaam alaykum, na marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua kwa kusahau. Natumaini wewe, Shukrani na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha vumbi la Dodoma kimekuacha. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua na moyo hautulii. Simu yako tangu juzi haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi.

Ni habari za mdogo wetu Zuwena. Tangu tumzike mumewe Issa, Mungu amrehemu, yumo ndani kule Kwihara anakaa eda. Shemeji yake Sabiri anampelekea unga, sukari, mpaka mkaa. Watu wanamsifu. Mimi wema ule umenitia hofu tangu mwanzo.

Kwenye kikao cha ukoo Sabiri alitaka yeye awe msimamizi wa mirathi. Zuwena alikuwa nyuma ya pazia. Mjane wa eda habishani na ndugu wa mumewe mbele ya wazee, basi akanyamaza. Wakaandika ameridhika.

Juzi nilikwenda Mahakama ya Mwanzo kwa shauri la jirani yangu, nikakuta tangazo ukutani. Ombi la Sabiri litasikilizwa Jumatatu ijayo, mwenye pingamizi alilete. Karani alinieleza vizuri: msimamizi si mwenye mali, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na mjane ana fungu lake na watoto lao. Lakini pingamizi lisipofika, hakimu atajuaje kuna anayelia ndani?

Jana nikaenda Kwihara. Sabiri na mgeni nisiyemjua walikuwa wanapima nyumba kwa kamba, mpaka jikoni, Zuwena anawasikia chumbani. Nyumba ile ile uliyoipelekea mabati aliyoyanunua Zuwena kwa fedha za karanga zake.

Nilipomwambia twende mahakamani alishtuka. "Dada, nitoke na eda? Watasema sikumpenda Issa." Ikabidi nimwite shehe. Akasema kutoka mchana kwa jambo la lazima hakuna ubaya, mradi alale kwake. Zuwena akakubali, huku analia.

Leo jioni nilipita tupange safari ya kesho. Hana viatu. Mke wa Sabiri kavichukua vyote, hata kandambili za chooni, eti anamtunzia mpaka eda iishe. Zuwena akakaa kwenye mkeka, akasema basi tena, dada, tuache.

Sikuacha. Nimemwachia vyangu, avifiche chini ya godoro, nami nikatoka pekupeku na uzee wangu. Sabiri alikuwa amekaa kitini mlangoni. Aliniamkia kwa adabu zake zote, kisha akaitazama miguu yangu. Nilipogeuka njiani, kile kiti kilikuwa kitupu na mlango umefungwa.

Abasi, naogopa. Panda basi mara usomapo hapa. Wewe ni shahidi wa mabati yale, na mbele yako Sabiri hushusha sauti. Mimi alfajiri narudi Kwihara, anifungulie asinifungulie.

Nisalimie Shukrani, Mfaume na kitinda mimba wenu. Mungu akufikishe mapema, na usiku huu amlinde Zuwena na viatu vile.

Wako akupendaye,
dada yako Sikuzani