Goti Linakataa Ngazi, Wifi Anasema Ninaringa

Mshauri wangu, nakuomba unisaidie kabla sijakosana na ukoo mzima, mimi ni fundi cherehani, naishi chini, na wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa ghorofa ya nne jengo hilohilo, amejifungua mwezi uliopita na mpaka leo sijapanda kumwona mtoto, kwa sababu goti langu limelika pale mbele, chini ya kile kifuniko chake, yaani kwenye tambarare natembea vizuri tu lakini ngazi, au hata kuinuka kwenye kiti, ni maumivu ya kunitoa machozi, na daktari amesema sehemu nyingine zote ni nzima kwa hiyo watabadilisha sehemu hiyo ya mbele peke yake, na upasuaji mimi siuogopi, nimeshaukubali, shida ni wifi, maana nilimdanganya nina mafua nisije nikamwambukiza mtoto, naye akaniona kutoka roshani kwake naenda sokoni mbiombio na kikapu, sasa anaambia watu ninaringa, na inaniuma kwa sababu ndiye rafiki yangu, ila tangu niolewe ananiita Chuma na sitaki anione kikongwe, tena dada yangu naye anashikilia eti heri wabadilishe goti zima yaishe, nifanyeje?

Chuma

Bibi Chuma,

Pole kwa goti. Kwa uongo sikupi pole. Mafua gani ya mwezi mzima yanayobeba kikapu? Ningekuwa wifi yako, na mimi ningenuna.

Tuanze na dada yako. Mteja akikuletea gauni lililoharibika zipu, unabadilisha zipu, huchani gauni zima. Kama sehemu nyingine ni nzima, zibaki. Ila muulize daktari wazi: huko kwingine kukija kuchakaa, itakuwaje? Huenda siku moja ukahitaji goti zima kweli, na ni bora ulijue sasa. Muulize pia utarudi lini kwenye cherehani. Mazoezi atakayokupa uyafanye, hata siku ya uvivu.

Sasa wifi. Unaogopa atakucheka? Mwanamke aliyetoka kujifungua juzi anajua kuinuka kwenye kiti kwa shida. Mpigie simu leo. Mweleze goti, kiri kwamba mafua yalikuwa uongo, mwombe radhi, kisha nyamaza akuseme mpaka achoke. Ukitoka hospitali utahitaji mtu wa kukushika mkono, na unajua unamtaka nani.

Akishamaliza kukusema, mwambie una hamu ya kumpakata mwanawe. Wewe kupanda huwezi, lakini mtoto anabebwa. Mwombe amshushe.