Kopo Nililoliacha Wazi

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumatano, tarehe 14

Mpendwa Mama Mdogo,

Nisamehe kwamba sijakuamkia. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nikitanguliza salamu najua nitaogopa nilimeze. Lile kopo la gundi sikulisahau. Nililiacha wazi makusudi, ili Kaka ainuse.

Basi shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na mapacha hawajambo. Sisi huku miili ni mizima.

Najua Mama amekwisha kukupigia simu akakueleza kwamba nilipitiwa. Ndivyo wanavyoamini wote.

Unakumbuka Kaka alianzia kunusa gundi kule karakana ya makochi. Alipotoka kituoni kwa waliokuwa wakimsaidia kuiacha, mshauri wa huko alikuja akatukalisha sote sebuleni. Alisema gundi ilikuwa imeufundisha ubongo wake njia ya mkato ya kupata nafuu, na sasa harufu tu inaweza kuuamsha kabla Kaka mwenyewe hajaamua lolote. Si ukaidi wala kukosa haya. Alisema ubongo hujifunza upya, ila polepole, na mtu asiachwe peke yake. Tangu siku hiyo gundi ikapigwa marufuku nyumbani. Viatu vyetu vyote vinashonwa kwa uzi, na bahasha tunazibana kwa pini.

Nilielewa kuliko wote, Mama Mdogo, maana mimi ndiye niliyekuwa naandika maneno ya mshauri. Lakini wivu ulinijaa mpaka kooni. Niliwaza, hata ubongo wake umepata wa kuusemea, na mimi mzima hakuna anayeniuliza nimeamkaje.

Kaka akimaliza sahani, anasifiwa. Akioga asubuhi, Baba anamwambia, "Safi sana, kijana!" Matokeo yangu ya mtihani yalitoka siku aliyotimiza miezi sita bila gundi. Nilimfuata Mama jikoni nikamwonyesha simu. Akasema, "Hongera, mwanangu. Hebu sogea, kaka yako apite na kiti." Na wewe usikasirike: katika barua yako ya mwisho umemuulizia yeye mara nne. Mimi nimo mwishoni kwenye salamu, baada ya jirani.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili wa kazi ya karani katika duka la vitambaa, na soli ya kiatu changu kizuri ilikuwa imeachama. Fundi viatu wa barabarani alisema kushona ni mpaka kesho. Nikamwomba gundi. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe Kimya, kwenu si mmeikataa hii?"

"Nitabandikia nje."

"Haya. Kopo nalitaka leo leo, na usiniletee kesi."

Sikubandikia nje. Nilikaa sebuleni, madirisha nimefunga, Kaka amejilaza chumba cha pili baada ya kazi. Nilipomaliza niliacha kopo mezani bila kifuniko, nikaenda kusimama uani. Nilitaka ateleze mara moja tu, Mama aone ni nani anayemletea heshima.

Nilimsikia akiamka, nikachungulia. Alisimama mbele ya meza muda mrefu, jasho linamtoka. Kisha akalifunika kopo kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango na upepo unausukuma. Akatoka pekupeku. Aliponikuta uani alisema, "Samahani, mdogo wangu. Nikipita hivi usidhani nimekukasirikia." Akaenda kwa miguu mpaka kituoni.

Hakuvuta zaidi ya ile iliyokuwa hewani. Mshauri anasema kutamani si kuanguka, na kwamba siku ile Kaka alishinda. Yeye hakubali. Anasema kama kopo moja linamtetemesha baada ya miezi saba, basi kichwa chake kimeharibika na haponi tena. Hajarudi nyumbani. Ile kazi mpya ya kushona mito ya viti anasema Jumatatu anaiacha.

Mimi je? Mama alinikumbatia. Alikaa kitandani kwangu mchana mzima akinisuka nywele na kuniambia, "Usijilaumu, ulikuwa na mawazo ya usaili." Hicho ndicho nilichokitamani miezi yote, na nilipokipata nilitaka kukimbia. Kazi nimepata. Nilipowaambia walifurahi kweli, nami sikuweza kuwatazama.

Kaka anadhani adui yumo kichwani mwake tu. Hajui kwamba mwingine alikuwa uani anasubiri. Jumamosi wanaruhusu wageni. Nitakwenda peke yangu nimwambie, hata kama hatanisemesha tena, ili Jumatatu isifike akiamini kwamba ubongo wake ndio uliomsaliti. Wivu haujaisha, sikufichi. Jana Mama alimpigia pasi shati la kumpelekea, nikahisi kuchomwa. Lakini mtu aliyeweza kulifunika lile kopo, mimi sina haki ya kumwacha ajione amekwisha.

Nisalimie Baba Mdogo, mapacha wote wawili, mtundu na mtundu zaidi, na yule bibi wa ghorofa ya juu. Mungu aitulize nyumba yenu na awape usingizi mwema.

Nakuomba jambo moja, Mama Mdogo. Ukipiga simu kabla ya Jumamosi, Mama atakuuliza nimekuandikia nini. Mwambie ni salamu tu. Tafadhali usimwambie yeye, wala Baba, wala mtu yeyote. Kaka ndiye awe wa kwanza kulisikia humu nyumbani, na alisikie kinywani mwangu.

Ni mimi mwanao, nakupenda sana,
Kimya