Njia ni Yako

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini goti lako limetulia.

Uliniuliza bosi wangu ni nani. Sina, mama. Kampuni yetu inauza ushauri kwa makampuni mengine, na humu ndani kila mtu hujitafutia kazi mwenyewe: uwazungukie wakubwa, ucheke vichekesho vyao, wakuingize kwenye mradi. Ukikosa, usilalamike; watakwambia tu, "njia ni yako." Leo nimemchekea mzee mmoja hadi mashavu yakauma. Nilisikia kichefuchefu.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado lina ukaidi wake. Kucheka tu ndiko kunakokuchefua? Mimi kwenye cherehani nawachekea wateja wanaobana pumzi nikiwapima kiuno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vumilia.

Mama yako

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu.

Jirani yangu wa meza, kaka mmoja mpole, ameanguka kikaoni. Alikuwa kabeba miradi mitatu, akiogopa kukataa asije akasahauliwa. Gari la wagonjwa halijafika, mkubwa mmoja akairuka miguu yake, akaninong'oneza: "Nafasi yake hiyo. Changamka."

Nilimkuta hospitali, dripu mkono huu, simu mkono ule, anawaandikia wakubwa kwamba yuko tayari.

"Pumzika, kaka."

"Nikinyamaza wiki moja tu, basi tena."

Mama, nilitoka nje nikatapika kwelikweli.

Binti yako

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. U hali gani? Nimesoma barua yako nikaiacha nguo ya watu chini ya sindano. Huyo aliyemruka mgonjwa, kazaliwa na mtu? Nilikwambia uiname, sikukwambia ulale wakukanyage.

Mama

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeacha kazi.

Barua ya kuacha kazi nilimpelekea mkubwa yuleyule aliyemruka mgonjwa. Akasoma, akasimama, akaninyooshea mkono: "Hongera! Hatimaye umeishika njia yako mwenyewe." Hakuwa ananikejeli, mama. Alifurahi kwa dhati. Niliuacha mkono wake hewani.

Nakuja Jumamosi. Nitafanya nini, sijui.

Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mkono huo mimi ningeutemea mate.

Majirani wameshaanza kuuliza kama umefukuzwa. Nimewajibu: mwanangu ndiye aliyeifukuza kampuni. Njoo ule, ulale.

Mama yako