Kimpira cha Taya

Mgodini, Geita
Novemba 1938

Mama Anatoli mpenzi,

Usishtuke ukikuta kimpira chekundu ndani ya kitambaa kilichokuja na barua hii. Ni kile nilichotengenezewa na Mhindi wa meno kule Mwanza. Je, mvua imeshafika Ushirombo? Paa mmeezeka? Yule mbuzi amezaa?

Taya langu unajua lilivyoharibika: kila jioni tukitoka shimoni, askari wa langoni hutupanua midomo kutafuta dhahabu, mpaka likawa linagonga hata nikila ugali. Nikivaa kimpira juu ya meno, maumivu yanatulia. Nakivaa hata kazini. Mwanzoni askari alikitoa akakichungulia. Sasa amechoka kushika mate yangu, ananipitisha tu.

Hapo ndipo amani iliponitoka. Kaka yako Apolinari, tuliye naye hapa mgodini, aliuona mwanya huo kabla yangu. "Shemeji," akasema, "punje mbili chini ya hicho kimpira, nani atajua?" Nikamfukuza. Anayekamatwa hapa ni jela. Hasemi tena, ila kila asubuhi nikikivaa ananitazama mdomoni.

Siku hizi situlii. Naketi, nainuka, naketi tena. Juzi, Salvina mke wangu, nilikigeuza mwenyewe, nikapima kwa kidole nafasi iliyo chini yake. Inatosha.

Basi kikae kwako, taya liume litakavyo. Apolinari akija Krismasi akakiulizia, mwambie kimepotea.

Nami nikikuuliza, niambie hivyo hivyo.

Wako,
Baba Anatoli