Pumzi ya Mpwa Wako

Mtaa wa Wafumaji,
Madurai.
12 Februari

Mpendwa kaka Ezhilan,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako limepoa? Na joto la Muscat unalivumiliaje? Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Ni mpwa wako Kathir. Tangu ile filamu ya sikukuu ya Pongal ianze kuonyeshwa, yeye na wenzake wanamwiga shujaa wake kwa kila kitu: shati wazi, mwendo, na ile sigara anayoirusha hewani ikatua mdomoni. Mwanzoni walitumia chaki, tukacheka. Baadaye nikaanza kunusa moshi kwenye shati lake nikifua.

Nilimsema. Akanijibu kwa upole, "Mama, yule anavuta filamu nzima na bado anawapiga watu ishirini."

Baba yake akamwambia, "Yule anapigana na watu waliolipwa waanguke. Wewe utapigana na nani?"

Lakini hakuacha.

Jumapili moja nikaenda kuitazama mwenyewe. Kaka, shujaa alipowasha kiberiti ukumbi mzima ulipiga mbinja, na mimi nikajikuta napiga makofi. Nilirudi nyumbani sina nguvu ya kumgombeza mtu.

Kisha yakaja mashindano ya kabadi ya wilaya. Unajua mtoto yule alivyo mwepesi. Aliingia upande wa wapinzani, akawagusa wawili huku akitamka kwa pumzi moja, kama mchezo unavyotaka, "kabadi, kabadi, kabadi," halafu sauti ikakatika kabla hajaufikia mstari wa kurudi upande wao. Pumzi ilimwishia. Wakamwangukia, akabaki chini anakohoa, na wenzake wakamtania, "Shujaa, washa nyingine." Mwalimu wao hajamwita tena.

Siku hizi jioni hukaa mlangoni akisikiliza kelele za uwanjani. Juzi aliniuliza bila kunitazama, "Mama, pumzi ikipotea, hurudi?" Nikamwambia hurudi. Sijui kama nilisema kweli. Wewe ulicheza, ukavuta, ukaacha, na neno la mjomba kwake ni zito kuliko langu. Mwandikie yeye, si mimi. Usimkaripie. Mjibu tu alichouliza.

Wifi Poongodi na mwanenu Yazhini wasalimie sana. Mama anakutaja katika maombi yake kila asubuhi. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Selvamani