Swichi Inayounguruma Sebuleni

Bantama, Kumasi

Kaka Opoku,

Pipa ulilotuma kutoka Hamburg limefika salama: sabuni, viatu, na ile swichi ya kugawa mtandao. Asante, ila nina neno. Nilikuomba ndogo, ya kuunganisha kompyuta ninayotunzia filamu ya mazishi ya Baba, ili ndugu waitazame popote walipo. Vyombo vyetu vya kuunganisha ni vitano. Wewe umeleta ya ofisini, matundu arobaini na nane ya nyaya! Inaunguruma kama mashine ya kusaga unga, na umeme ukikatika inamaliza betri kabla chai haijapoa. Nimejinunulia ya matundu manane, haina feni, kimya kabisa.

Nilitaka kuiuza yako, Mama akanijia juu. "Akyaa, thubutu! Wageni wakija, iwashe." Wakiuliza kelele ya nini, anawajibu, "Si Opoku huyo! Hajui kunyamaza." Tunacheka mpaka machozi.

Kompyuta inaonyesha ukoo mzima umeitazama filamu, isipokuwa wewe. Hukuja kuzika; kwa hilo tutagombana uso kwa uso. Lakini jana nilimkuta Mama peke yake, ameiwasha swichi yako, anaisimulia habari za mtaa. Njoo, kaka, nipate kuizima.

Dada yako,
Akyaa