Kwa Nini Hukuchagua Jela, Baba Masanja?

Baba Masanja,

Mimi ni mzima, na mtoto ni mzima. Kama na wewe ni mzima sijui, na kama una mtu wa kukukorogea uji asubuhi, hilo nalo sijui. Ndilo linaloniumiza. Mwalimu wa misheni alijitolea kuniandikia barua hii, nikamwambia ahsante, kusoma nilisoma, na herufi zangu mbaya mume wangu atazivumilia.

Nakumbuka ulivyofika kwetu Segese, miguu imechubuka, ukiomba maji. Hukumficha baba kitu. Ulimwambia umetoka Urundi, umepita porini kukwepa kituo cha kupimia malale kwa sababu wasio na cheti cha ruhusa walikuwa wakirudishwa, na kwamba unatafuta kazi kwenye dhahabu. Baba akacheka. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema, na akakupa kweli. Uliilima pamba yetu mpaka mama akakuita mwanangu kabla hujanioa. Kaka yangu Shija peke yake ndiye aliyenuna. "Aliyeingia kwa uchochoro atatokea kwa uchochoro," alisema. Nilimwambia afunge domo lake.

Miaka yetu ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Ulikuwa ukirudi kutoka machimbo ya Geita na vumbi mpaka kwenye kope, Masanja anakurukia hivyo hivyo. Siku moja nikakuuliza, "Kwenu ulimwacha nani?" Ukasema, "Mama." "Na nani mwingine?" "Na ng'ombe." Nilicheka sana. Sasa nikikumbuka vizuri, nilicheka peke yangu.

Halafu viazi vilipokomaa ukaniambia nikaushe michembe mingi. Wewe! Wewe uliyesema viazi vyetu vya kukausha ni soli ya kiatu! Nikakutania, "Kwani tunakwenda vitani?" Ukajibu, "Kausha tu, Mama Masanja." Ukakaa nami uani ukimenya na kukata, huku ukinisimulia njia uliyokuja nayo, mpaka kihenge kikajaa. Mvua hazijaanza, askari wa mtemi wakaja kukuchukua, eti uliingia bila cheti.

Pale barazani watu waligawanyika. Shija na wenzake walitaka urudishwe, eti leo mmoja, kesho kijiji kizima. Wengine wakataka ufungwe iwe fundisho. Baba akasimama akauliza, "Jembe nililompa ameliiba?" Watu wakacheka, mtemi hakucheka. Akakupa njia mbili: ufungwe miezi sita, na ukitoka yeye mwenyewe akuombee cheti ubaki nasi, au urudishwe kwenu, usikanyage tena huku. Nikashusha pumzi. Miezi sita, Baba Masanja! Nilishaanza kupanga nani atabaki na mtoto nikija kukuona gerezani.

Ukasema, "Nirudisheni." Hata kunitazama hukunitazama.

Nilikuwa nikimshuku Shija kwamba ndiye aliyekuchongea, nikamnyima hata maji ya kunywa. Aliapa kwa kaburi la babu kwamba si yeye. "Na hata ningekuwa mimi," akasema, "aliyekataa jela ya miezi sita kwa ajili ya mkewe ni mimi?" Nikampa maji. Tangu siku hiyo nakushuku wewe.

Mama anakutetea. Anasema mtu aliyewahi kufukiwa na kifusi mgodini hawezi kukubali kufungiwa chumbani. Hilo nalijua kuliko yeye. Tangu ufukiwe ulikuwa hulali mpaka mlango uwe wazi, na mimi nikalala naogopa fisi miaka yote ile kwa ajili yako. Lakini michembe je? Njaa imekuja, nimefungua kihenge, Masanja anashiba, na majirani wanasema nilipata mume. Mimi nikitia kipande mdomoni najiuliza: mtu anayemwekea mkewe akiba ya njaa, si anajua kwamba njaa ikija yeye hatakuwepo? Nakuchukia, na nimekukumbuka mno.

Basi nimechoka kuuliza kihenge. Mtoto anabaki kwa mama. Michembe iliyobaki nimeigawa, nusu ni yao, nusu nimeifunga kwenye kaniki. Njia ulinieleza mwenyewe. Cheti sina. Barua hii siitumi, nisije nikakupa nafasi ya kumhamisha mtu. Nitakupa mkononi, nimesimama mlangoni kwako, na ukiwa unaisoma mimi nitakuwa natazama nani yuko nyuma yako. Akiwa ni mama yako na ng'ombe, nitapiga magoti nimsalimie, kisha nikuombe radhi wewe. Akiwa ni mwingine, tutajua hapo hapo.

Na wakinikamata huko, wakaniambia nichague, kufungwa au kurudishwa kwetu, nitawaambia wanifunge kwenye jela iliyo karibu na wewe.

Mimi mkeo, mpaka nione kwa macho yangu,
Mama Masanja